Mshahara na Ujira: Walimu Wawili, Ubao Mmoja

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mgala muue na haki yake mpe. Nimeutanguliza msemo huu kwa sababu mjadala kuhusu malipo ya walimu nchini Kenya huendeshwa aghalabu kwa hasira, na mwenye hasira hapimi sawasawa. Mwalimu wa shule ya umma hulalama kwamba serikali humpunja. Mwalimu wa shule ya kibinafsi humsikiliza, akatamani angaa apewe hicho anachopunjwa mwenzake. Mwenye shule naye huapa kwamba karo haikusanyiki, na kwamba akiongeza malipo kwa shilingi elfu moja tu atalazimika kufunga milango. Katika makala haya ninanuia kuwapa wote watatu haki yao, kisha nieleze ni kwa nini ninaamini kwamba tumekuwa tukitazama mahali pasipofaa tunapolinganisha malipo ya sekta hizi mbili.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna mazoea ya kuanzia kwenye neno, nami sitayavunja mazoea hayo. Neno mshahara lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake ni neno lenye maana ya mwezi. Mshahara, basi, ni malipo yanayofuata mwezi. Mwezi ukikamilika mfanyakazi hulipwa, awe alikuwa na mengi ya kutenda au machache. Ujira nao, neno ambalo pia tulilipata kwa Waarabu, ni malipo ya kazi iliyofanywa. Kibarua akipalilia shamba hupokea ujira wake jioni. Kesho pasipo na shamba la kupalilia, hapana ujira. Katika mazungumzo ya kila siku tunayatumia maneno haya kana kwamba ni visawe. Dai langu ni kwamba katika elimu ya nchi hii hayajawa visawe hata kidogo. Mwalimu wa umma aliyeajiriwa kwa masharti ya kudumu hupata mshahara, ilhali mwenzake wa kibinafsi, mara nyingi, hupata ujira uliopewa jina la mshahara.

Niruhusu, msomaji mpendwa, nitoe ushahidi wangu mwenyewe. Nilihitimu shahada ya kwanza ya elimu mwishoni mwa 2018, masomo yangu yakiwa Kiswahili na Historia. Januari 2019 nilianza kufundisha katika shule moja ya upili ya kibinafsi upande wa mashariki wa jiji la Nairobi. Sikupewa barua yoyote. Mwenye shule alinipa mkono, akanitajia shilingi 15,000, nami nikashukuru kwa kuwa wengi wa darasa letu hawakuwa na hata hizo. Kufikia 2023, mwaka wangu wa mwisho pale, nilikuwa nimepanda hadi 18,000. Ungeniuliza wakati huo ninapata mshahara gani, ningekujibu kwa fahari kidogo kwamba ninapata elfu kumi na nane.

Jibu hilo halikuwa kweli. Aprili na Agosti, shule ilipofungwa, nililipwa nusu. Desemba sikulipwa kitu. Hesabu yake ni nyepesi. Miezi tisa kamili ukiijumlisha na nusu mbili unapata miezi kumi, yaani shilingi 180,000 kwa mwaka, ambazo ukizigawa kwa miezi 12 zinabaki 15,000. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida jijini Nairobi, kama kilivyotangazwa na serikali mwaka 2022, kilikuwa shilingi 15,201. Shahada yangu ya miaka minne ilikuwa imepitwa na jembe na toroli kwa shilingi 201. Simdharau kibarua kwa kusema hivi. Kima hicho chenyewe ni haba kwake. Ninachosikitikia ni kwamba nilimaliza miaka mitano pale bila kuifanya hesabu hii, kwa sababu nilizoea kutaja kiasi na kusahau kalenda.

Machi 2020 shule zote nchini zilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, tofauti ninayoizungumzia ilianikwa juani. Katika ploti niliyopanga aliishi mwalimu wa shule ya msingi ya umma, mama wa makamo ambaye wapangaji wote walimwita Mwalimu. Sote wawili tulikuwa tukiwatumia wanafunzi wetu mazoezi kwa simu. Mwisho wa kila mwezi yeye alilipwa kama kawaida. Mimi, kuanzia Aprili hadi Septemba, sikupata hata ndururu. Nilianza kupewa chochote Oktoba, watahiniwa wa Kidato cha Nne waliporudishwa darasani. Jioni moja ya Juni alibisha mlangoni kwangu, akanikabidhi shilingi 2,000 zilizokunjwa ndani ya karatasi ya mazoezi, akasema, "Mwanangu, utanirudishia shule zikifunguliwa." Hakuwa tajiri. Alikuwa na watoto watatu na mkopo wa chama cha ushirika. Alichokuwa nacho nisichokuwa nacho mimi ni uhakika wa tarehe.

Sikuwa peke yangu. Mwaka huo walimu wengi wa shule za kibinafsi waligeuka wachuuzi wa mboga na barakoa, na huko Mwea iliripotiwa kwamba madarasa ya shule moja yalifanywa vizimba vya kuku. Mwenye shule hiyo naye alikuwa akitafuta riziki, wala simlaumu. Lakini yafaa tujiulize: iweje taifa moja, lenye mtaala mmoja na mtihani mmoja, liwe na walimu ambao janga likitokea baadhi yao hubaki walimu na wengine hugeuka wachuuzi?

Nisieleweke vibaya, kiasi nacho kina uzito wake. Katika mkataba wa makubaliano ya pamoja wa 2017 hadi 2021 baina ya Tume ya Huduma za Walimu, yaani TSC, na vyama vya walimu, mwalimu wa shule ya upili mwenye shahada aliyekuwa katika ngazi ya C2 alianzia mshahara wa kimsingi wa shilingi 34,955. Juu yake kulikuwa na marupurupu ya nyumba na ya usafiri, na ya mazingira magumu kwa waliopelekwa huko, mbali na bima ya matibabu na malipo ya uzeeni. Katika shule yangu hapakuwa na chochote kati ya hivyo. Hata hivyo, si kweli kwamba sekta ya kibinafsi yote hulipa vibaya. Zipo shule za kimataifa Nairobi na Mombasa ambazo mwalimu wake hawezi kubadilishana hati ya malipo na mwalimu mkuu wa shule ya umma. Kutoka zile za Nairobi hadi shule ya mabati ya Mukuru, ambako mzazi hulipa karo kwa siku au kwa wiki, ni safari ya dakika chache kwa matatu. Anayejumlisha zote hizo na kutuletea wastani wa "malipo ya sekta ya kibinafsi" hutuletea takwimu isiyomhusu mwalimu yeyote aliye hai.

Kwa hiyo napendekeza tulinganishe kitu kingine. Badala ya kuuliza tu ni shilingi ngapi, tuulize maswali manne. Je, malipo ni ya miezi mingapi kwa mwaka? Je, yameandikwa? Je, nani ana uwezo wa kuyapunguza, na kwa utaratibu gani? Je, mwalimu akiugua, akijifungua au akizeeka, nini kinabaki? Ukiyauliza maswali haya, utaona kwamba shule ghali ya kimataifa na shule ya umma zinakaribiana kuliko zinavyokaribiana shule ghali na shule ya mabati, ingawa mbili hizi za mwisho zote huitwa za kibinafsi.

Historia yetu inatupa funzo hapa. Kabla ya 1967 mwalimu wa Kenya hakuwa na mwajiri mmoja. Wapo walioajiriwa na misheni na wapo walioajiriwa na halmashauri za mitaa, na malipo yao yalitegemea mlango uliowafungukia. Chama cha Kitaifa cha Walimu, KNUT, kilichoasisiwa 1957, kilikuwa na dai kuu moja, kwamba walimu wote wawe chini ya mwajiri mmoja. TSC ilipoundwa 1967 dai hilo lilitimia. Mshahara wa mwalimu wa umma, kwa hiyo, haukuwa hidaya ya serikali. Ulidaiwa, na umeendelea kudaiwa. Oktoba 1997, KNUT ikiongozwa na Ambrose Adongo, walimu waligoma wakaahidiwa nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200 kwa awamu tano. Awamu ya kwanza ililipwa, zilizofuata zikakwama, na 1998 walimu wakagoma tena. Mwaka 2015 mahakama iliwapa nyongeza ya asilimia 50 hadi 60, wakagoma majuma matano wakitaka walipwe, na Novemba mwaka huo Mahakama ya Rufani ikaifuta. Anayemwonea kijicho mwalimu wa umma na akumbuke njia hiyo yote. Mwalimu wa kibinafsi wa leo yu pale alipokuwa mwalimu wa kabla ya 1967. Malipo yake yanategemea mlango uliomfungukia.

Hapa ndipo ninapofika kwenye jambo linalonitia hofu zaidi. Badala ya sekta ya kibinafsi kujifunza mshahara kutoka kwa serikali, ni serikali iliyojifunza ujira kutoka kwa sekta ya kibinafsi. Mnamo 1998 ajira mpya za walimu zilisimamishwa, na kwa muda mrefu wakaajiriwa tu wa kujaza nafasi za waliostaafu au kufariki. Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo, na wanafunzi wa shule za msingi wakaongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Wanafunzi waliongezeka bila walimu kuongezeka kwa kadiri hiyo, na pengo likazibwa na walimu walioajiriwa na bodi za shule, ambao hulipwa kwa kadiri ya uwezo wa wazazi. Ingia leo katika chumba cha walimu cha shule nyingi za umma. Wawili wanakaa meza moja na kusahihisha insha za kidato kimoja. Mmoja ni wa TSC, mwingine ni wa bodi. Mmoja ana mshahara, mwingine ana ujira. Mpaka baina ya umma na ubinafsi umepita katikati ya meza hiyo.

Kisha wakaja walimu wanagenzi. Mwenzangu tuliyehitimu siku moja aliajiriwa na TSC mwaka 2023 kufundisha Sekondari Msingi. Tulimfanyia sherehe. Baada ya sherehe tukagundua kwamba angelipwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi, tena kabla ya makato, kwa kazi ileile na vipindi vilevile vya mwalimu wa kudumu. Mimi wa kibinafsi nilikuwa na 18,000. Kwa muda wa miaka miwili tofauti ya sekta zetu mbili ilikuwa shilingi 2,000 kwenye karatasi, na makato yalipokwisha kufanywa ilikuwa karibu imetoweka. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi iliamua kwamba mpango huo ulikiuka haki ya walimu hao ya kutendewa haki kazini. Mwanzoni mwa 2025 yeye na maelfu ya wenzake walithibitishwa kwa masharti ya kudumu. Nilifurahi kwa ajili yake. Lakini serikali ilikuwa imekwisha kumfunza kila mwenye shule kwamba shahada ya ualimu yaweza kupatikana kwa shilingi 20,000, na somo hilo halitasahaulika upesi.

Wala wahadhiri wetu wasidhani kwamba kadhia hii ni ya shule tu. Septemba hadi Novemba 2025 vyuo vikuu vya umma vilifungwa na mgomo wa siku 49, wahadhiri na wafanyakazi wakidai malimbikizo ya shilingi bilioni 7.9 ya mkataba wa 2017 hadi 2021. Hao ni wenye mshahara. Je, wahadhiri wa muda, ambao hulipwa kwa kozi na ambao baadhi yetu tunatarajia kuwa miongoni mwao, watagomea wapi? Huwezi kugomea ujira ambao hata tarehe yake haikutajwa.

Najua hoja nitakayojibiwa nayo. Nitaambiwa kwamba shule ya mabati haiwezi kulipa kama serikali, na kwamba ukiilazimisha itafungwa na watoto wakose pa kwenda. Hoja hii ina haki yake, nami naipa. Mzazi wa Mukuru hulipa kodi kwenye bidhaa nyingi anazonunua, kisha analipa karo kwa sababu shule ya umma iliyo karibu imefurika au iko mbali. Huyo hawezi kuongezewa mzigo. Lakini tazama kwa makini ninachodai. Sijadai kwamba shule hiyo ilipe shilingi 34,955. Nadai kwamba kiasi inachoweza kulipa kiandikwe, kigawanywe kwa miezi 12 na kilipwe kwa tarehe inayojulikana. Mwenye shule wangu angaliigawa ile 180,000 kwa miezi 12 asingaliongeza hata senti moja. Mimi ningalijua kwamba mshahara wangu ni 15,000, ningaliweza kulipa kodi ya nyumba Desemba, na ningalijua mapema kwamba ananilipa chini ya kima cha sheria. Labda hilo la mwisho ndilo lililomfanya asiigawe.

Nitaambiwa pia kwamba mshahara wa hakika huzaa uvivu, na kwamba wapo walimu wa umma wanaolipwa bila kuingia darasani. Wapo, na tunawajua. Dawa ya mwalimu mtoro ni usimamizi na nidhamu, kazi ambazo Katiba ya 2010 imezikabidhi TSC katika kifungu cha 237. Kumnyima mwalimu wa kibinafsi chakula cha Desemba hakumrudishi mwalimu wa umma darasani.

Nini kifanywe basi? Kwanza, sheria iliyopo itekelezwe. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wowote wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na jukumu la kuuandaa ni la mwajiri. Sheria hiyohiyo inampa mfanyakazi likizo ya angalau siku 21 za kazi kila mwaka kwa malipo kamili. Maafisa wa leba na wakaguzi wa elimu waulize mikataba ya walimu kama wanavyouliza vyoo na upana wa madirisha.

Pili, TSC itazame upya maana ya kumsajili mwalimu. Sheria yake ya 2012 inamtaka kila anayefundisha asajiliwe, awe wa umma au wa kibinafsi. Tume inamjua mwalimu huyo kwa nambari, na akikosea humfuta katika sajili. Anayeweza kufutwa na Tume hana budi kupata japo kinga kidogo ya Tume. Kuwapo kwa mkataba halali wa mwalimu kungeweza kufanywa sharti la shule kuendelea kusajiliwa.

Tatu, liundwe baraza la mishahara la sekta ya elimu ya kibinafsi chini ya Sheria ya Asasi za Kazi ya 2007, lenye wenye shule, walimu na serikali, liweke viwango kulingana na aina ya shule na mahali ilipo. Wafanyakazi wa huduma za ulinzi wana amri ya mishahara ya sekta yao tangu 1998. Sioni aibu katika mwalimu kujifunza kutoka kwa mlinzi.

Nne, na hili latuhusu sisi. Kila mwaka chama chetu huandaa makongamano, tukasikiliza mada kuhusu uhakiki, isimu na tafsiri. Ni mambo mema. Lakini wanachama wetu wa mwaka wa nne watakapotoka hapa, wengi wao hawataanzia TSC. Wataanzia kwa mwenye shule, na wakibahatika kupewa mkataba utakuwa wa Kiingereza cha mawakili, watie sahihi wakiwa wamesimama. Napendekeza chama kiandae mfano wa mkataba wa mwalimu kwa Kiswahili sanifu, ukurasa mmoja au miwili, wenye kutaja kiasi, tarehe ya malipo, miezi 12, likizo, ugonjwa na notisi. Tunao wataalamu wa istilahi na wa tafsiri. Tunao wenzetu wa Kitivo cha Sheria. Itakuwa mara ya kwanza kwa wengi wetu kutumia taaluma yetu kujilinda.

Mwaka 2021, shule zilipofunguliwa kikamilifu na nikalipwa, nilimrudishia jirani yangu zile shilingi 2,000. Alikataa kuzipokea. Aliniambia nimpe mwalimu mwingine atakayekwama. Nimezihifadhi akilini tangu siku hiyo kama deni, na makala haya ni sehemu ya malipo yake. Wewe mwanachama mwenzangu utakayeitwa na mwenye shule Januari ijayo, kabla hujashika chaki, muulize kwa heshima swali moja tu: "Desemba mnalipa?" Jibu lake litakuambia kama unapewa mshahara au ujira.